Anayejichapishia amtafute anayejisomea

Wasomaji kadhaa wa safu hii, wengi wao walimu, wamewahi kuniuliza iwapo 'mchapaji' na 'mchapishaji' ni mtu mmoja au wawili. Jibu fupi ni kwamba ni wawili. Jibu refu ndilo ninalotaka tulijadili leo, kwa sababu limebeba masaibu ya kundi la watu linalozidi kuongezeka humu nchini: watunzi wa hadithi na riwaya wanaojigharamia vitabu vyao, vikatoka vizuri, kisha wakabaki navyo nyumbani. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Ninaishi Donholm, Nairobi, na ninapoandika makala haya maboksi manne ya mkusanyiko wangu wa hadithi fupi yameegemea ukuta wa sebule.

Tuanze na neno lenyewe. 'Chapa' ni neno lililotujia kutoka Kihindi, na maana yake ya awali ni alama au mhuri. Ndiyo maana ng'ombe hupigwa chapa na bidhaa huwa na chapa yake sokoni. Vitabu vya Kiswahili vya zamani vilikuwa na maneno 'kimepigwa chapa na', na hadi leo nchini Tanzania yupo Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Baadaye nomino ikazaa kitenzi, tukapata 'kuchapa', halafu tukakinyambua katika kauli ya kutendesha kwa kiambishi '-ish-', tukapata 'kuchapisha', yaani kufanya kitu kichapwe.

Kwa mujibu wa mnyambuliko huo, mchapaji ni mwenye mtambo. Ukimpelekea faili na pesa, atakupa karatasi zenye wino. Hajali iwapo ni riwaya, ni kadi za harusi au ni risiti za duka. Mchapishaji, kwa upande wake, ndiye anayesababisha. Yeye huusoma mswada, huamua kama unafaa, humtafuta mhariri, humlipa mchapaji, huhifadhi nakala, huzisambaza na hubeba hasara zikikosa kununuliwa. Barabara ya River Road na mitaa inayopakana nayo jijini Nairobi imejaa wachapaji. Wachapishaji ni wachache, na wengi wao wanategemea vitabu vya shule.

Sasa tulitazame neno 'kujichapishia'. Ukiondoa 'ku-' ya kitenzijina, kuna 'ji-' ya kirejeshi, mzizi '-chap-', '-ish-' ya kutendesha, '-i-' ya kutendea, na kiishio '-a'. Ni neno refu na lenye kazi nyingi: mtu amesababisha kitu kichapwe, kwa ajili yake, yeye mwenyewe. Hata hivyo, likagueni tena kiambishi kwa kiambishi. Hamna hata silabi moja inayomtaja msomaji. Mtendaji ni mwandishi na mtendewa ni mwandishi. Neno limekamilika bila mtu wa pili, na nathubutu kusema kwamba hapo ndipo shida yote ilipo.

Lugha yetu ina neno jingine linalomkumbuka mtu huyo wa pili, nalo ni 'hadhira'. Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa 'kuhudhuria', 'mahudhurio' na 'hadharani'. Hadhira ni watu waliopo, waliofika, walioketi mbele yako. Kwa karne nyingi mtunzi wa Kiswahili hakuwa na tatizo la kuitafuta. Tenzi za Pate na Lamu zilighanwa mbele ya watu, na anayetaka nakala alimwendea mwanakili. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945, alisifika kwa hati yake nzuri, na watu wa karibu na wa mbali, wakiwamo wasomi wa Ulaya, walimwomba awanakilie tungo. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa wazi: kwanza sauti, kisha hadhira, na mwisho nakala kwa anayeihitaji. Anayejichapishia leo ameugeuza utaratibu huo juu chini. Huanza na nakala 500 na kumalizia kwa kutafuta watu.

Basi watu hao wako wapi? Hapa inatubidi tulichunguze neno linaloonekana jepesi kuliko yote, yaani 'kusoma'. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili zilizolala kitanda kimoja. Maana ya kwanza ni kutambua na kufuata maandishi. Maana ya pili ni kwenda shule. Tunaposema 'fulani amesoma' hatumaanishi kwamba amemaliza riwaya. Tunamaanisha ana vyeti. Tunaposema 'nimemaliza kusoma', tunamaanisha tumeaga darasa.

Maana hizi mbili zina historia. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, 'chuo' kilikuwa kitabu. Utenzi mashuhuri wa Pate wa mwaka wa 1728, ambao wengi wanaujua kama Utendi wa Tambuka, huitwa pia Chuo cha Herkal. Ndiyo sababu mtaalamu huitwa 'mwanachuoni'. Polepole neno likahama kutoka kwa kitabu likahamia mahali kinapofundishwiwa, nasi leo tukisikia 'chuo' tunafikiria majengo, karo na mahafali. Huku bara, wamisheni walipofika na vitabu vyao, watu waliojiunga nao walipewa jina kutokana na kitendo hicho hicho. Kwa Kikuyu waliitwa 'athomi', yaani wasomaji, na maana yake ilikuwa Wakristo wa misheni. Kwa hiyo kusoma katika sehemu hii ya dunia kumekuja kwetu pamoja na dini, shule na mtihani. Kusoma kwa ajili ya raha hakukuwa na jina lake.

Nimeyasikia haya mtaani kwa masikio yangu. Nilipompelekea kinyozi wangu wa Savannah nakala moja aiweke pale wateja wanapongojea zamu, aliigeuzageuza akaniambia, "Mwalimu, lakini mimi nilimaliza kusoma 2009." Hakuwa akinidhihaki. Mama mmoja mwenye duka la M-Pesa karibu na Greenspan naye aliniuliza kwa moyo mzuri kabisa, "Mwalimu, hii ni setibuku? Kijana yangu ako fomu tatu." Nilimweleza kwamba si kitabu cha darasa lolote, ni hadithi tu za kujisomea. Akacheka. "Sasa mimi nitajisomea saa ngapi, na hii duka nafunga saa nne?"

Swali lake la setibuku linastahili kujibiwa kwa heshima, kwa maana limetokana na soko lilivyo. Nchini Kenya riwaya ya Kiswahili huuzwa kwa wingi ikishakuwa kitabu teule, yaani ikichaguliwa itahiniwe katika mtihani wa KCSE. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, na Kidagaa Kimemwozea ya mwandishi huyo huyo, ziliingia katika nyumba ambazo hazijawahi kununua riwaya nyingine yoyote. Zilikuwa kazi nzuri na zilistahili. Lakini kilichozifikisha nyumbani humo ni mtihani. KICD inapokiteua kitabu, hadhira hupatikana kwa mpigo mmoja nchi nzima. Kisipoteuliwa, mwandishi huwa amesimama barabarani.

Jambo hili lina athari kwa kile kinachoandikwa. Kitabu teule kinasomwa na vijana wa miaka 15 hadi 18, na ni haki kabisa kichujwe kwa kuzingatia umri wao. Matokeo yake ni kwamba mchapishaji anayetaka kitabu chake kiteuliwe humshauri mwandishi apunguze hiki, aongeze funzo pale, amalizie kwa mwovu kuadhibiwa. Je, hadithi ya ndoa inayokufa polepole bila ugomvi itachapishwa na nani? Hadithi ya baba wa miaka 45 aliyeachishwa kazi Industrial Area na bado anatoka nyumbani kila asubuhi akiwa amefunga tai ili watoto wasijue? Hizo ni hadithi za watu wazima, na mtu mzima wa Donholm anazijua kuliko mimi. Katika Kiswahili cha Kenya, mlango uliobaki kwa hadithi za aina hiyo aghalabu ni kujichapishia. Tusipoupata ufumbuzi wa kuwafikia wasomaji, itakuwa lugha yetu imebaki na fasihi ya watoto wa shule peke yake.

Nataka pia tuzungumze kuhusu hesabu, kwa sababu wengi wanaotamani kujichapishia hawaelezwi. Nitatumia hesabu zangu. Mhariri nilimlipa Sh35,000. Aliyepanga kurasa na kubuni jalada alichukua Sh20,000. Mchapaji alinitoza Sh260 kwa kila nakala, na nakala 500 zikafika Sh130,000. Jumla ni Sh185,000, ambayo ni Sh370 kwa kila kitabu kabla hakijatoka mlangoni. Bei niliyoweka ni Sh600. Duka la vitabu lililokubali kuniuzia lilitaka asilimia 35, yaani Sh210. Hapo nabaki na Sh390. Toa gharama, faida ni Sh20 kwa nakala, na nauli ya kuzipeleka mjini bado hujaihesabu. Mnunuzi naye analalamika kwamba Sh600 ni nyingi. Wala si yeye wa kulaumiwa. Sheria ya VAT ya mwaka wa 2013 ilivitia vitabu katika orodha ya bidhaa za kutozwa asilimia 16, na mwenye duka ana kodi ya nyumba ya kulipa.

Tena duka halinunui. Hupokea kwa mali kauli, neno zuri la wafanyabiashara wetu lenye maana kwamba mali inatolewa kwa ahadi ya mdomo, uza kwanza ulipe baadaye. Duka moja nililiachia nakala 40. Baada ya miezi 11 nililipwa nakala 12. Nilipoziulizia zilizosalia nikaonyeshwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya vitabu vya marudio ya hesabu, majalada yakiwa yamepauka. Muuzaji aliniambia kwa upole kwamba wateja hawaulizi hadithi mpaka mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa.

Nimesema haya si kwa nia ya kumkatisha mtu tamaa. Wapo watunzi wa Afrika Mashariki waliojichapishia wakapata wasomaji tele, na nikiangalia walivyofanya naona jambo moja linalowaunganisha. Hawakungoja msomaji aje walipo. Walikwenda alipo.

David Maillu ndiye mfano wa kwanza. Mapema katika miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, jijini Nairobi. Vitabu vyake kama vile My Dear Bottle na After 4.30 aliviandika kwa Kiingereza chepesi, vikiwahusu makarani, makatibu wa ofisi, walevi na wapangaji wa mjini, watu ambao walikuwa wamekwisha 'kumaliza kusoma' lakini walijua kusoma. Vilikuwa vitabu vidogo, vya kubebeka mfukoni. Wahakiki wa vyuo vikuu walivikemea kwa lugha yake ya chumbani, na mwaka wa 1976 vikapigwa marufuku Tanzania. Comb Books yenyewe haikuumaliza muongo huo salama. Hata hivyo, Maillu alithibitisha kwamba karani wa Nairobi hununua hadithi inayomhusu yeye.

Nchini Tanzania, Ben Mtobwa, mtunzi wa Dar es Salaam Usiku na muumbaji wa mpelelezi Joram Kiango, alichapisha kupitia kampuni yake ya Heko. Riwaya zake ziliuzwa kwa watu wa kawaida, wale wale ambao wahakiki huwaita wasomaji wa 'riwaya pendwa'. Baadaye akaja Eric Shigongo na kampuni yake ya Global Publishers. Yeye alizitoa hadithi zake kwa mfululizo katika magazeti yake ya udaku kabla ya kuzifanya vitabu. Mtu alinunua gazeti kwa ajili ya habari za wasanii, akakutana na hadithi, na ilipofika mahali pa 'itaendelea', akajikuta ana miadi ya juma lijalo. Tunaweza kubishana kuhusu ubora wa kazi hizo. Huo ni mjadala wa siku nyingine. Ninachotaka tukione ni kwamba Shigongo alirejesha utaratibu wa kale: hadhira kwanza, nakala baadaye.

Hapa ndipo ninapolirudia jibu nililompa yule mama wa duka: kujisomea. Likagueni nalo: 'ji-' ya kirejeshi, mzizi '-som-', '-e-' ya kutendea, na kiishio '-a'. Lina umbo la 'kujichapishia', upungufu wake ukiwa ni '-ish-' tu, kile kiambishi cha kusababisha. Anayejisomea hasababishwi na mtu. Hakuna mwalimu wala mtihani unaomsukuma. Ndilo neno lililotuponya kutokana na ule utata wa 'kusoma', kwa kuwa anayejisomea hawezi kusema alimaliza mwaka fulani.

Basi mtu huyu hupatikana vipi Donholm? Nitasema yale niliyoyaona yakifanya kazi. Nilizichapa hadithi mbili fupi kwenye karatasi za kawaida, kurasa nane zilizobanwa kwa pini, nikampelekea kinyozi tena. Mtu anayengojea zamu kwa dakika 20 hawezi kuanza kitabu chenye kurasa 180, lakini hadithi ya kurasa nane ataimaliza. Nyuma kabisa nikaandika namba ya M-Pesa na bei ya kitabu kizima. Mwezi wa kwanza nilipata wanunuzi watatu, mwezi wa pili tisa. Chama kimoja cha akina mama wa Greenfields kiliniomba nikawasomee hadithi moja baada ya kumaliza kuchanga pesa zao. Nilisoma kwa sauti robo saa. Wakabishana nusu saa kuhusu iwapo mke wa katika hadithi alistahili kurudi kwao. Siku hiyo niliuza nakala 14, kila moja kwa bei kamili bila asilimia ya mtu.

Wauzaji wa vitabu kuukuu kando ya barabara, wale ambao watu wa Nairobi wameyapa maduka yao jina la 'inama' kwa sababu mteja sharti ainame kuchagua, nao hawafai kudharauliwa. Anayeinama kwenye vumbi kutafuta riwaya ya Sh100 ni msomaji wa kweli. Katikati ya jiji, duka la Nuria limejipatia sifa kwa kuwapa nafasi waandishi waliojichapishia. Maktaba nazo zipo karibu kuliko tunavyodhani: ya Buruburu, na matawi ya McMillan yaliyoko Makadara na Kaloleni. Nakala moja ikiwa maktabani itapitia mikono mingi kuliko nakala kumi zilizo sebuleni kwangu.

Kabla ya hayo yote kuna uhariri, na hapa nazungumza kama mtu wa lugha. Vitabu vingi vya kujichapishia ninavyoletewa nivisome vina hadithi tamu zilizoharibiwa na upatanisho mbovu wa kisarufi na alama za uakifishaji zilizomwagwa kama chumvi. Mchapaji hatakuambia, atachapa ulichompa. Msomaji aliyewahi kuuziwa kitabu cha aina hiyo hatarudi, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kama pesa zako zinatosha ama mhariri ama jalada la kung'aa, mlipe mhariri. Uchukue pia nambari ya ISBN kutoka kwa Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, kwa kuwa duka la heshima na maktaba huiulizia.

Kwa wale walimu walioniuliza, basi, jibu langu ni hili. Mchapaji hutoa karatasi. Mchapishaji hutoa kitabu na kukipeleka hadharani, mahali penye hadhira. Aliyemlipa mchapaji na kuziweka nakala sebuleni bado hajachapisha, hata kama jina lake liko kwenye jalada. Nanyi mlio darasani mna nafasi ambayo mimi sina: mwezi mmoja kwa mwaka, mpeni mwanafunzi hadithi moja isiyo na maswali mwishoni. Msimpe alama wala msimwulize maudhui. Mwulizeni tu kama aliimaliza.

Juma lijalo tutalichambua neno 'mhariri', ambalo baadhi yenu mmedai kwamba halina tofauti na 'msahihishaji'.